Shajara ya mradi: gari la juu lililotumika, la shule na la porini

Wiki ya 1

Tumeamua. Gari dogo tutaliuza, na kabla mwaka haujageuka tutakuwa na gari la juu lililotumika, lenye 4x4 ya kweli na nafasi ya sisi sote sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe. Naanza shajara hii leo ili kila tunachokiona kiandikwe kingali kibichi, maana ukishakagua magari matano yote yanageuka kuwa gari moja kichwani.

Kilichotusukuma ni safari ya mwisho. Tulikwama kwenye tope lisilofika hata nusu ya tairi, tukaliacha gari pembeni na kutembea kilomita nne tukiwa na maji, hema na mtoto mgongoni. Mama mkwe hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jioni nimekaa na daftari nikahesabu safari za mwaka uliopita. Siku zaidi ya 300 gari lilikwenda shule, kazini, dukani na hospitali. Siku za porini zilikuwa 19. Nimemsomea baba watoto hesabu hiyo kwa sababu yeye tangu mwanzo anaota gari lililoinuliwa, lenye matairi makubwa ya matope na winchi mbele. Ndoto hiyo naiheshimu. Lakini gari la siku 300 lazima lifunge breki vizuri kwenye lami yenye mvua, na mama mkwe mwenye magoti mabovu aweze kupanda bila kuinuliwa. Kwa hiyo gari halitainuliwa. Tumekubaliana hilo kabla ya kuangalia tangazo hata moja.

Fedha tumezigawa mafungu manne. Matatu ni ya kununulia. La nne haliguswi, ni la matengenezo ya miezi mitatu ya kwanza. Muuzaji akitaka mafungu yote manne, tunamshukuru na kuondoka.

Wiki ya 2

Wiki ya kusoma na kuuliza mafundi. Orodha ilianza na magari manne.

Nissan X-Trail ya kwanza, T30, imetoka mapema. Ni gari zuri la familia, jepesi kuendesha, ila lina viti vitano na halina gia za nguvu, zile za 4L. Gia hizo ndizo zinazokushusha kwenye mteremko mkali bila kuunguza breki, na ndizo zinazokupandisha kwenye mawe polepole bila kulazimisha klachi au giaboksi. Gari lenye 4x4 bila 4L linatosha kwa barabara ya vumbi na utelezi. Sisi tunakwenda mbele ya hapo.

Suzuki Grand Vitara ya 2005 hadi 2015 imeniuma kuiacha. Nyingi zina 4L na difu ya kati inayofungwa (difu hiyo hugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), uzito wake ni mdogo ukilinganisha na magari makubwa, na wepesi ni jambo kubwa kwenye mchanga. Tungekuwa wanne ningeishia hapo. Viti ni vitano, basi.

Zimebaki mbili: Toyota Land Cruiser Prado ya 120, iliyotoka 2002 hadi 2009, na Mitsubishi Pajero ya kizazi cha nne, kuanzia 2006. Tofauti yao kubwa iko chini. Prado imekaa juu ya chasisi yake, na ekseli ya nyuma ni gogo moja. Pajero tangu 1999 haina chasisi iliyotenganishwa. Fremu imeunganishwa ndani ya bodi, na kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Gogo la Prado ni gumu na huacha gurudumu moja lishuke shimoni huku jingine likipanda. Mpangilio wa Pajero unatulia zaidi kwenye lami na barabara ya makorongo, na unawaacha abiria wa nyuma wamelala.

Baba watoto anataka Prado. Mimi nasema nitakayoichagua ni ile ambayo fundi akiitazama kwa chini hatatikisa kichwa.

Wiki ya 3

Prado ya kwanza, dizeli ya 3.0. Kwa juu inang'aa, viti vya ngozi, dashibodi safi. Baba watoto alishaanza kutabasamu.

Fundi wetu ni mzee mtaratibu. Alikuja na vitu vitatu: tochi, nyundo ndogo na shuka la kulalia. Hakufungua boneti kwanza. Alilala chini nyuma ya tairi la nyuma, akaanza kugonga chasisi polepole, kng, kng, kng, akielekea mbele. Juu ya ekseli sauti ikabadilika, ikawa kama anagonga kopo. Akaniita: "Mama, njoo usikie." Nilipolala pembeni yake nikaona rangi nyeusi mbichi, nene, imepulizwa mpaka juu ya mabomba ya breki na nyaya. Nani anapaka rangi mabomba ya breki? Akachokonoa kwa bisibisi. Rangi ikabonyea, bisibisi ikaingia.

Muuzaji alisema ni kutu ya juu juu tu. Fundi hakubishana naye. Aliniambia njiani kwamba injini mbovu hutolewa ikawekwa nyingine, giaboksi vivyo hivyo, lakini chasisi iliyooza sehemu inaposhikilia ekseli, hata ikichomelewa, yeye hawezi kuiruhusu ibebe wajukuu wake. Baba watoto alinyamaza njia nzima.

Niandike na mengine aliyonifundisha kuhusu injini ile, 1KD, kwa kuwa Prado nyingine zitakuja. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 150,000, na taa yake huwaka dashibodini. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo risiti ndiyo ushahidi. Pia vizibo vya shaba chini ya injekta vikianza kuvujisha, masizi hushuka kwenye oili na kuziba kichujio kilicho chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Oili ikishindwa kupanda, injini inakufa ghafla.

Wiki ya 4

Mbili tumeziona, zote zilikuwa zimeshawashwa kabla hatujafika. Niliweka kiganja juu ya boneti, ya moto. Tuliomba injini ikae baridi. Injini ya dizeli iliyochoka huficha mengi ikipata joto. Hatukukagua zaidi.

Wiki ya 6

Leo nina mengi.

Pajero ya 2008, dizeli ya 3.2, gia otomatiki, kilomita 168,000 kwenye mita. Mwenye gari ni mama mmoja aliyestaafu, ana bahasha ya risiti tangu alipolinunua. Rangi imepauka kwenye boneti na bampa la nyuma lina mkwaruzo ambao hakujaribu kuuficha. Nilimpigia jana nikamwomba asiliwashe. Tulipofika, boneti ilikuwa baridi kama jiwe.

Kilomita tumezihakiki kwa njia zetu. Mpira wa kanyagio la breki haujalika kupita kiasi, usukani haujang'aa, na risiti za oili zinapanda kwa mfululizo bila kuruka. Lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya viti zina mwaka wa kutengenezwa, zote zinaendana na gari. Ningekuta mkanda mmoja ni wa miaka mitano baadaye, ningeuliza umebadilishwa baada ya nini. Vioo navyo vina alama zake kwenye kona, tukavilinganisha kimoja kimoja.

Matairi yameniangusha. Kila tairi lina tarakimu nne pembeni, mbili za mwanzo wiki na mbili za mwisho mwaka. Tatu zilikuwa na umri mmoja, la nne ni jipya, la kampuni nyingine, na meno yake ni marefu zaidi. Kwa gari la 4x4 hilo si suala la sura. Tairi lenye mzingo tofauti huzunguka kwa idadi tofauti, na difu hufanya kazi kila sekunde kulisawazisha. Niliandika: matairi manne, fungu la nne.

Kisha kuwasha. Nilimwomba kila mtu akae kimya, hata watoto. Injini hii, 4M41, inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Cheni haina kilomita maalumu ya kubadilishwa, ila inarefuka kwa miaka, hasa oili ikicheleweshwa, na ikilegea utasikia mkwaruzo wa chuma upande wa mbele wa injini sekunde za mwanzo. Ilishika mara moja. Nikasikia mkwaruzo, mfupi, kama sekunde mbili, kisha ukapotea. Fundi aliinua kidole kimoja bila kusema neno. Moshi ulikuwa kidogo na ukaisha. Ungekuwa wa bluu ungesema oili inaungua; mweupe usiokatika, maji au dizeli isiyoungua; mweusi mzito, hewa haitoshi au tabo inavujisha.

Alifungua kifuniko cha oili akakiacha kimekaa juu ya tundu injini ikinguruma. Kilitikisika, hakikurushwa. Rejeta haikuwa na mafuta, oili haikuwa na rangi ya maziwa. Chini, kutu ya juu kwenye fremu ndogo ya nyuma na ndani ya matao ya magurudumu, sehemu ambazo Pajero hizi huanzia kuoza. Aligonga kote. Kng, kng, kng. Hakuna kopo. Bushi mbili za nyuma zimechoka, na bomba la kupumulia la difu ya nyuma limezibwa na tope lililokauka.

Majaribio ya 4x4 tuliyafanya kwenye kiwanja cha kokoto. Kifimbo cha pembeni kina hatua nne: 2H, magurudumu ya nyuma peke yake, 4H, manne na difu ya kati ikiwa huru, 4HLc, difu ya kati imefungwa, 4LLc, imefungwa pamoja na gia za nguvu. Taa za dashibodi lazima ziache kumeta kila hatua ikikubali. Hatua ya 4HLc ilisita mara ya kwanza, ikakubali nilipolisogeza gari mita chache. Fundi anasema kifaa kisichotumiwa muda mrefu hufanya hivyo, na kwamba tukirudia mara kumi na ikakubali zote, analiamini. Tumerudia kumi na mbili.

Jaribio nililolithamini kuliko yote ni la viti. Tulikuja na viti vya watoto wawili wadogo tukavifunga kwenye nanga za ISOFIX za pembeni, baba watoto akakaa katikati yao, mkubwa akapanda nyuma kabisa kwenye kiti kinachojikunja sakafuni, mama mkwe mbele. Nikaendesha dakika 40. Baba watoto alitoka mabega yamebanwa, lakini alisema anaweza kusafiri hivyo nusu siku. Mkubwa ana miaka 10, kule nyuma kunamtosha kwa miaka michache. Mtu mzima hapamfai. Mama mkwe alipanda kwa ngazi ya pembeni na kishikio cha ndani, mwenyewe, mara mbili. Kiti cha nyuma kikiwa kimeinuliwa, nafasi ya mizigo inabaki ndogo sana. Hilo nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya 7

Karatasi. Namba iliyo kwenye hati, kwenye kibao cha gari na iliyogongwa kwenye chuma ni moja. Nililinganisha herufi kwa herufi na kupapasa kwa kidole kama kuna ukingo wa kuchomelea. Nimeuliza pia kwa wakala wa mtengenezaji kama gari limewahi kuitwa kurekebishwa. Airbegi za Takata ziliitwa kwa mamilioni duniani, magari ya kampuni nyingi, kwa sababu kemikali ya kuijaza airbegi ilidhoofishwa na joto na unyevu, ikaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Ukaguzi huo haulipiwi na unachukua dakika chache. Sielewi kwa nini watu wanaoogopa breki mbovu hawauulizi. Gari hili halina deni la marekebisho.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ilionyesha kosa moja la zamani kwenye valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Fundi hakushangaa: masizi yanayorudishwa kwenye hewa huganda ndani ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa, mpaka njia inakuwa nyembamba.

Tulimwonyesha mwenye gari orodha yetu yote: cheni, matairi, bushi, manifoldi. Aliisoma taratibu, akapunguza bei karibu ya kiasi tulichoomba. Tumelipa. Alimpa mtoto wetu wa kati funguo azikabidhi kwangu, na nimefurahi mno.

Wiki ya 8 na 9

Gari liko kwa fundi, na sijaruhusu liende popote. Baba watoto aliomba safari moja tu ya wikendi. Nilikataa.

Oili zote zimemwagwa: injini, giaboksi, transfa (inayopeleka nguvu mbele na nyuma), difu mbili, breki, usukani, na maji ya rejeta. Hatujui mwenye gari wa kwanza alifanya nini, kwa hiyo hesabu inaanza sifuri kwetu. Oili ya difu ya nyuma ilitoka na rangi ya maziwa. Maji yaliingia wakati fulani, kupitia lile bomba lililozibwa na tope. Difu ikipata joto hewa hutanuka na kutoka hapo. Ukiiingiza kwenye maji baridi hewa husinyaa, na kama njia imezibwa inanyonya kupitia sili. Tumefungua kifuniko, meno yako salama, beringi hazijaliwa. Sili mbili mpya, oili mpya, na bomba jipya la kupumulia limepandishwa hadi karibu na mdomo wa kujazia mafuta.

Cheni imefunguliwa. Kikaza kilikuwa kimetoka karibu mwisho wake na moja ya reli za plastiki imechimbika. Vyote vimebadilishwa: cheni, kikaza, reli. Hii ndiyo kazi iliyokula sehemu kubwa ya fungu la nne, na siijutii. Asubuhi ya kwanza baada ya hapo niliwasha nikiwa peke yangu. Hakuna mkwaruzo.

Manifoldi ilisuguliwa kwa siku mbili. Masizi yaliyotoka yalijaza kopo la rangi. Gari sasa linavuta tofauti kabisa kwenye mlima.

Bushi za nyuma, zimewekwa. Breki pedi, mpya. Kutu imesuguliwa, ikapakwa dawa, kisha nta ndani ya matao. Fundi alikataa kupaka rangi nyeusi nzito chini. "Nataka mwakani nione," alisema.

Wiki ya 10

Matairi manne mapya na spea ya tano ya ukubwa uleule, 265/65R17, aina ya barabara zote. Baba watoto bado alitamani yale ya matope. Nilimwonyesha hesabu ya siku 300. Ya matope yana meno makubwa yaliyoachana, yanapiga kelele na yanashika vibaya zaidi kwenye lami yenye maji, na watoto wangu wako ndani ya gari hilo kila asubuhi.

Vifaa vingine: pampu ya upepo ya betri, kipima upepo, kamba ya kuvutia yenye kunyumbuka, shakeli mbili, sepeto, vibao viwili vya kutolea kwenye mchanga, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Winchi hapana, kwa sasa. Ina uzito mbele na tunasafiri na familia nyingine yenye gari.

Wiki ya 12

Mazoezi, bila watoto. Kila mmoja wetu kaendesha.

Tuliazimia jambo moja lisilo na mjadala: 4HLc na 4LLc hazigusi lami kavu. Ukikata kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma. Difu ya kati ikiwa imefungwa, tofauti hiyo haina pa kwenda ila kujisokota kwenye shafti na transfa. Kwenye mchanga au tope tairi huteleza kidogo na kuiachia. Nilimwona baba watoto akisahau mara moja tulipotoka kwenye kokoto, usukani ukawa mzito na gari likaanza kuruka kwenye kona. Ameelewa kwa mikono yake.

Kwenye mchanga tulishusha upepo kutoka psi 32 hadi 20. Gari lililokuwa linajizika lilitembea juu kama kwenye zulia, maana tairi linalala na kukanyaga eneo kubwa. Kwa upepo huo hatukimbii wala hatukati kona ghafla, na tunajaza kabla ya kurudi barabarani.

Wiki ya 14

Safari ya kwanza ya kweli, siku tatu. Mizigo mizito iliwekwa chini na karibu na viti, imefungwa kwa wavu. Juu ya paa tuliweka hema na magodoro peke yake. Kabla ya kuondoka tulilipima gari zima likiwa limejaa tukalinganisha na kibao cha uzito. Tulibaki na nafasi ya kilo 70 tu. Katoni moja ya maji imerudi nyumbani.

Mto tulioukuta ulikuwa mpana kuliko tulivyoambiwa. Nilivua viatu nikavuka kwa miguu na fimbo kwanza, maji yaliishia juu kidogo ya goti, chini kokoto ngumu. Mtengenezaji anaruhusu milimita 700, yaani sentimita 70. Tulisimama robo saa difu zipoe. Halafu 4LLc, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, wimbi dogo likitangulia bampa, sijaachia mafuta mpaka tairi za nyuma zilipotoka. Mtoto mdogo hakuamka. Mama mkwe alikuwa ameshika kishikio kwa mikono miwili, na tulipotoka aliniambia, "Mwanangu, umevusha vizuri." Ilibidi nisimamishe gari kidogo.

Jana fundi amelegeza nati ya chini ya difu ya nyuma mbele yangu, nimeshika bakuli mwenyewe. Oili imetoka ya kahawia, imeng'aa, bila maziwa. Tumeirudishia, nimeandika kilomita 171,340 kwenye kipande cha bati ndani ya boneti.